Naomba ushauri: bastola yenye cheti na safari ya Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, nina duka la jumla, na bastola yangu ina cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha. Kimetaja silaha, namba yake na kiasi cha risasi. Hapo sina neno.

Tatizo ni safari. Hupeleka mzigo Lamu nikarudi na pesa taslimu. Toka Minjila hadi Mokowe ni vizuizi vya polisi, kisha boti, abiria goti kwa goti. Bastola iko kiunoni, shati juu. Kuionyesha ovyo ni kujitakia balaa. Sasa, nimwambie askari kabla hajanipapasa, ama nisubiri aulize? Na nikiingia msikitini kuswali je?

Halafu kijana wangu, anayeshika duka nikisafiri, ataka nimwachie. Nimekataa, cheti kina jina langu, si la nyumba nzima. Mamake ashaanza kumtetea. Naweza kuiweka kituo cha polisi kwa hizo siku? Utaratibu ukoje?

Mawakili na wenye silaha, nijibuni. Wale wa "honga tu upite", leo pumzikeni.