Akiba ya chakula kwa kipato kidogo: gunia, kidogo kidogo, makopo au hela mkononi?

StooYaMvunguni (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba tulinganishe hapa, maana peke yangu nimeshindwa kuamua.

Mwezi uliopita maji na umeme vilikatika kwetu siku tatu mfululizo. Ndani nilikuwa na kilo sita za maharage na mchele wa kutosha, nikajiona mjanja. Siku ya pili asubuhi dumu la mwisho limebaki na yale maji ya chini kabisa yenye mchanga, na jiko la gesi likatoa kimwali cha bluu, kikatetemeka, kikazima. Chakula kipo, hakipikiki. Tukala mkate mkavu na sukari, mtoto mkubwa akadhani ni sikukuu.

Tuko wanne: mimi, baba watoto, mtoto wa miaka sita na mwingine wa miezi tisa. Stoo yetu ni mvungu wa kitanda, kama jina langu linavyosema. Njia ninazoziona ni hizi: kujibana miezi miwili ninunue gunia zima kwa bei ya jumla, au kila nikienda kununua vya nyumbani niongeze kitu kimoja cha akiba, au niweke makopo ambayo mtu anafungua na kula. Baba watoto ana ya kwake ya nne: tusinunue chochote, tuweke hela.

Ipi inafaa kwa mtu wa kipato cha kuhesabu? Hata kunisema mnaruhusiwa.

Mzani_Hauongopi

Dada, kabla ya njia, jua kwanza unatafuta kiasi gani. Wengi wananunua kwa macho.

Mtu mmoja kwa siku huhesabiwa wastani wa kalori 2,100. Gramu 400 za mchele mkavu zinakupa kama 1,440, gramu 100 za maharage kama 340, na gramu 30 za mafuta ya kupikia kama 265. Jumla unafika 2,045, tumbo halilalamiki sana. Kwa watu wanne siku 14 hiyo ni mchele kilo 22 na nusu, maharage kilo 5.6, na mafuta yasiyofika lita mbili. Watoto wako hawamalizi sehemu ya mtu mzima, kwa hiyo utabakiza.

Umeona? Mchele wa wiki mbili nzima haufiki hata nusu ya gunia la kilo 50. Gunia ni la nini basi? Angalia pia hayo mafuta: uzito kidogo, nguvu nyingi. Watu wanarundika nafaka halafu wanasahau mafuta na chumvi.

Kura yangu: kidogo kidogo. Kilo mbili za mchele kila wiki, wiki kumi na mbili umemaliza na hujakopa kwa mtu.

Bibi_Kibaba

Mwanangu, mimi nilinunua gunia. Ngoja nikusimulie.

Nililipata kwa bei nzuri, nikaliegemeza ukutani chumbani, juu ya sakafu tupu. Mwezi wa tatu nikaona unga mweupe umejichora chini yake kama mstari wa chaki. Nilipolifungua, likawa na joto. Nikaingiza mkono, kiganja kikatoka na fukusi wanatembea mpaka kwenye pete. Upande ulioegemea ukuta ulikuwa umeshikana mabonge, una ukungu. Ule wa ukungu niliutupa wote, na wewe usije ukajaribu kuuosha au kuuchemsha: sumu ya kuvu haifi kwa moto wa jikoni. Uliobaki nilipepeta siku mbili, mgongo haujanisamehe mpaka leo.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwe hakina tundu. Ukinunua nafaka kwa wingi fanya hivi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia nafaka kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ina maji, irudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, unaweza kuhifadhi. Halafu usiweke kwenye gunia la kawaida. Chupa za plastiki za soda zilizooshwa na kukaushwa kabisa, ukizijaza mpaka shingoni na kufunga kizibo kwa nguvu, wadudu wanamaliza hewa iliyomo ndani na kufa. Ni kazi ya bure, chupa unazo. Kwa wingi zaidi kuna mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Na usiegemeze kitu ukutani. Weka mbao chini.

Makopo_Sita

Naona kila mtu anakimbilia mchele. Someni tena alichoandika dada. Hakukosa chakula! Alikosa maji na moto. Sasa mnamwongezea mchele ili iweje?

Makopo ni ghali kwa kila kalori, sikatai. Lakini kopo la maharage limeshapikwa, lina maji yake ndani, linaliwa baridi. Hiyo bei unayolalamikia ndani yake kuna gesi na maji ambavyo hukuvitoa mfukoni. Kwa wiki mbili makopo yatakufilisi. Kwa siku tatu za kwanza hayana mpinzani. Makopo mawili kwa siku mara tatu ni sita, ndiyo jina langu. Pamoja na biskuti ngumu na siagi ya karanga mnavuka.

Yenye nyanya na matunda tumia mapema, ndani ya mwaka au mwaka na nusu, ile asidi inakula kopo. Ya nyama, samaki na maharage hukaa miaka miwili mpaka mitano yakiwekwa pasipo joto. Kopo lililovimba, linalovuja au linalorusha povu ukifungua, usilionje hata kwa ncha ya ulimi. Tupa.

Mzani_Hauongopi

@Makopo_Sita hapo umenishika. Nilihesabu kalori, sikuhesabu maji ya kupikia. Nafuta kauli kwa zile siku tatu, kwa wiki mbili nabaki palepale.

Dumu_la_Bluu

Mnashindana kuhusu chakula wakati mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa siku nyingi bila kula, bila maji hamalizi wiki. Maji kwanza. Na ndiyo akiba ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa humu.

Kiwango ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, nusu ya kunywa, nusu ya kupikia na kunawa. Watu wanne siku tatu ni lita 48, yaani madumu matatu ya lita 20 na ziada juu. Mtoto anayenyonyeshwa mama yake anywe zaidi. Anayetumia maziwa ya unga ongezea na ya kuosha chupa. Madumu yawe ya chakula, lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba halisafishiki hata ulisugue mwaka. Chupa za maziwa nazo achana nazo, mabaki hayatoki na bakteria wanazaliana.

Maji yakiisha ukalazimika kuchota ya mashaka: chuja kwa kitambaa, chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja kamili (ukiishi juu ya mita 2,000, dakika tatu). Huna moto, tumia jiki isiyo na manukato wala rangi, ile ya asilimia 5 au 6: matone mawili kwa lita, manne kama maji si maangavu, koroga, subiri dakika 30. Yakiwa hayana kabisa kaharufu ka klorini, rudia kipimo hicho mara moja tu. Jiki iliyokaa zaidi ya mwaka usiitegemee, nguvu imeshapungua. Huna hata jiki: chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili, maji yasiyo na tope, zilaze kwenye jua kali saa sita. Mawingu yakitanda, siku mbili.

Moto_Mdogo

Kwenye gesi niongezee. Maharage loweka usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga, chemsha kwa nguvu dakika 15, halafu sufuria na mfuniko wake vifungie kwenye blanketi nene ndani ya kapu au boksi. Acha saa nne au tano bila kufungua, yanajipika kwa joto lake. Mchele nao vilevile, ila kwa muda mfupi. Mimi mtungi uliokuwa unaisha wiki tano sasa unafika wiki saba.

Ule mchemko wa kwanza usiufupishe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo inahitaji kuchemka hasa kwa dakika 10. Joto la vuguvugu peke yake haliiui.

Halafu maharage hayafurahii uzee. Yakikaa miaka, unayapika mpaka gesi inaisha na bado yanagonga meno. Weka ya kutosha, zungusha, nunua mapya. Mchele mweupe ndio mvumilivu. Ule wa kahawia miezi sita tu unaanza kunuka kwa sababu ya mafuta yake.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani eti kwa kuwa mvua inanyesha. Ule moshi usioonekana unaua watu usingizini.

Chenji_Ndogo

Nimtetee baba watoto kidogo, anapigwa hapa bila wakili. Hela haiozi na haina fukusi. Umeme ukikatika na mtandao ukienda nao, malipo ya simu yanakufa, mwenye noti ndogo ndogo ndiye anayehudumiwa. Noti kubwa hakuna wa kukurudishia chenji.

Ila hela hainyweki. Na siku ya shida kila mtu anakimbilia duka lilelile. Kwa hiyo njia yake iwe sehemu ndogo, tuseme moja ya tano ya unachoweka, nyingine ziwe vitu.

Kuhusu gunia: bei ya gunia bila gunia inapatikana. Tafuta majirani watatu, changeni, mgawane kwa mzani siku hiyo hiyo na pesa iwe imelipwa yote. Sisi tulimwachia mmoja "atalipa Ijumaa". Mpaka leo ni Alhamisi.

Bibi_Kibaba

Ha ha! Wa Ijumaa wako kila mahali.

Mwanangu, kwa kale kachanga: hata ukiweka asali ya akiba, usimpe mpaka atimize mwaka, asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Na sukari na chumvi usizikose. Kuhara kukiingia na kituo cha afya hakifikiki, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi, ni hatari. Mpe kidogo kidogo na kunyonya kuendelee.

StooYaMvunguni (mleta mada)

Nimesoma yote mara mbili, baba watoto naye kasoma, ya @Chenji_Ndogo akaisoma kwa sauti.

Tumeamua hivi. Wiki hii madumu matatu, tayari yamejaa. Wiki mbili zinazofuata makopo sita na biskuti, matatu matatu, maana yote kwa mpigo siwezi. Baada ya hapo ndipo mchele kwa chupa, na nimeshaanza kuokota chupa mpaka watoto wa jirani wananiletea. Kila chupa nabandika karatasi yenye tarehe, mpya inaingia nyuma, ya zamani inatoka mbele. Gunia nimelifuta, labda majirani wakikubali. Noti ndogo ziko ndani ya kopo la kahawa.

Swali moja limebaki: mnazuiaje akiba isiliwe siku ya kawaida? Kwangu biskuti zilidumu usiku mmoja.

Makopo_Sita

Nunua zile ambazo hakuna anayezipenda. Sitanii.

Moto_Mdogo

Au usizuie, mradi anayetoa moja aandike ukutani, na safari ijayo ya sokoni inaanza na kilichoandikwa. Kwangu kuna penseli imefungwa kamba kwenye msumari wa stoo.

StooYaMvunguni (mleta mada)

Mrejesho. Jumamosi tulifunga bomba na gesi makusudi kuanzia saa nne asubuhi, tukaishi kwa dumu na kapu la blanketi. Maji tuliyotumia mpaka usiku ni lita 19, karibu dumu zima, na nusu ilienda kwa nepi, kitu ambacho sikukihesabu kabisa. Naongeza dumu la nne.

Maharage niliyachemsha dakika 15 kabla hatujafunga gesi, nikayafungia vizuri. Saa nane mchana nimefungua, magumu. Nikashangaa. Kumbe huyu wa miaka sita alikuwa anafunua blanketi kila akipita, anachungulia kama yanajipika kweli. Tulifungua gesi, tukamalizia jikoni. Jumamosi ijayo narudia, kapu litakaa juu ya kabati.