Dada, si ununue redio?

Wanajukwaa, naandika nikiwa bado natetemeka. Nimetoka sasa hivi kwa yule fundi ambaye sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila mkazi wa Arusha aliyewahi kuharibikiwa na kompyuta amepanda ngazi zake na kukalia lile benchi lenye mguu mmoja mfupi.

Mac yangu ya miaka tisa ilikata roho mwezi uliopita, na kwa kuwa bei ya nyingine inatosha ng'ombe wawili na banda lao, nikahamia Linux, mfumo wa kompyuta wa bure. Kilichonishinda kuhama nacho ni NetNewsWire, programu ya kusomea habari, ambayo hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple pekee. Humo nilikuwa nikisoma milisho ya tovuti 214, yaani orodha za habari mpya ambazo kila tovuti huzitoa zenyewe, kila habari ikinijia kwa zamu yake, bila mtu wa kunichagulia. Nilimwachia fundi diski ya zamani na ombi moja: anitolee orodha ya milisho katika faili ya OPML, ile ya kuhamishia milisho toka programu moja hadi nyingine, kisha anishauri kisomaji, yaani programu ya kusomea milisho, kinachofaa Linux. Leo nilipoifuata akanitazama, akawatazama wateja sita waliokuwa benchini, akasema kwa sauti ya mnadi mitumba: "Dada, kama ni habari tu unataka, si ununue redio?"

Redio! Benchi zima likacheka mpaka likayumba. Ndipo akanijulisha kwamba diski ameshaifuta "ili iwe nyepesi". Hilo la kufuta naweza kulisamehe (si kweli, lakini tuseme hivyo), ila redio? Google ilipoifunga Google Reader, kisomaji chake cha mtandaoni, tarehe 1 Julai 2013 nilivuka salama na faili yangu ya OPML, leo nimezikwa na mtu mwenye bisibisi. Mama mmoja aliyefuata waya wa chaja alinishika bega kama mfiwa. Mbele ya watu sita, redio!

Nichague kisomaji gani?

Mzee wa Sakina: Pole sana, binti yangu. Ila nakuuliza kwa heshima: miaka tisa yote hukuwahi kuweka nakala hata kwenye flashi? Faili ya OPML ni maandishi matupu, haizidi uzito wa salamu za Krismasi.

Kahawa Chungu: Weka Liferea, au Akregator kama Linux yako ina mwonekano wa KDE. Hata Thunderbird unayosomea barua pepe hupokea milisho na kuingiza OPML, kama ungekuwa nayo. Redio ni ya bendi ngapi?

Mwanzisha uzi: Sijanunua redio.

Shemeji wa Moshi: Wenzetu mna bahati, wa kwenu anafuta tu. Wa hapa kwetu, mnayemjua, nilimwomba kisomaji cha milisho nilipotoka Windows, akanitoza elfu kumi na tano na kuniwekea mchezo wa karata. Nilipolalamika akasema karata nazo hujipanga zenyewe kama habari.

Ndizi Mshare: Kisomaji cha kusakinisha ndicho kilichomponza, kwani mashine ikifa orodha nayo inakufa. Angeweka FreshRSS, kisomaji kinachofunguliwa kwa kivinjari, kwenye seva yake, angehama mashine kila Jumatatu bila kumwona fundi yeyote.

Kahawa Chungu: Seva yake aiweke wapi, Mshare, juu ya friji? Nyumbani kwangu umeme ulikatika mara tatu jana.

Ndizi Mshare: Seva hukodishwa, ndugu, si lazima uilaze nayo chumba kimoja.

Mzee wa Sakina: Umeme ukikatika, kinachobaki kinasema ni redio ya betri. Nanyamaza.

Mwanzisha uzi: Mzee, hata wewe?

Shemeji wa Moshi: Akregator yangu nayo imejaza habari elfu nne ambazo sijazisoma. Nani anajua namna ya kuzifuta zote kwa mpigo?

Kahawa Chungu: Mpelekee yule fundi wa dada.

Ndizi Mshare: Dada, chaja ya ile Mac marehemu bado unayo? Niko Ngarenaro, nitaifuata mwenyewe.