Kompanyi ya ndege yenye makao yake iko Lubumbashi, inaweza kuishi kweli?

MutotoWaKatuba
Jambo ba ndugu. Niko mwaka wa mwisho wa management hapa Lubumbashi, TFC yangu (kazi ya mwisho ya masomo) iko juu ya mkakati wa makompanyi ya ndege na nimechagua mfano wa Korongo, ile yenye ilikuwa na makao hapa hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, si Kinshasa. Kwa wenye hawakumbuki: ilianza kuruka 2012, wenye hisa walikuwa Brussels Airlines na Groupe Forrest, ilikuwa inaenda Kin, ikaenda mpaka Johannesburg, 2015 ikafunga. Miaka mitatu na kitu, basi. Sasa profesa wangu ameandika na biki nyekundu pembeni ya ukurasa "shida ni soko ndogo". Kichwa yangu inakataa. Nikiendaka Luano kusindikiza mtu naona foleni mpaka nje, biye (tiketi) ya kwenda Kin inauzwa bei yenye mtu wa Nairobi akisikia anakaa chini, barabara haiko ya kusema na treni tuache tu. Mteja hana njia ingine! Kama watu wamefungwa hivyo na bei iko juu hivyo, namna gani kompanyi inakufa? Mwenye anajua kazi ya ndani anisaidie, mambo ya Wikipedia niliisha kusoma.

Fundi_wa_Pisti
Mudogo wangu, nilitumika miaka 11 pale kwenye pisti (njia ya kurukia ndege), kwanza mizigo, kisha ofisi ya kupanga safari (jina ya kompanyi naacha, bado nawadai mishahara haha). Wewe unaangalia foleni, angalia ndege. Foleni inakuonyesha paka kama batu beko. Ndege, weye unailipia kila mwezi, iruke isiruke. Tuseme umekodi kwa dolari 200,000 ku mwezi, ni hesabu ya mfano tu usiiweke ndani ya TFC. Ikiruka masaa 200, kila saa inabeba dolari 1,000 ya kukodi. Ikiruka masaa 80 kila saa inabeba 2,500, na hapo hujagusa mafuta, marubani, bima. Ryanair banashusha batu na kupandisha bengine dakika 25 ndege imetoka. Shiye dakika 25 ngazi bado tunaitafuta.

Sasa sikia hii. Mwaka moja tulikuwa na ndege mbili. Moja ilikuwa inje ya inchi kwa matengenezo makubwa. Hii ingine, asubuhi saa kumi na mbili, rubani anafanya muzunguko wake na tochi, anafika ku muguu ya mbele anasimama, ananiita. Mafuta ya haidroliki inatona, tone, tone, sawa bomba ya jirani. Kipande chenye kiliharibika kingeingia mu mufuko ya koti yako. Lakini hakiko Lubumbashi, hakiko Kin, kimetoka Ulaya kimepita Addis kimefika siku ya ine, na duane (forodha) bakakishika siku mbili zaidi ju namba moja ku karatasi haikuwa sawa na namba ya ku karto. Siku sita! Abiria banalala juu ya mavalizi, na kulikuwa mama moja mwenye karto mbili za uyoga mubichi anapelekea harusi Kin, siku ya pili harufu ilianza kutembea mu jumba yote. Mu kompanyi yenye ndege 40 bangeleta ingine mangaribi na abiria asijue kitu. Profesa wako anaita ile soko ndogo. Mi naita ndege mbili.

BeiYaShaba
Fundi umesema kweli ila umeruka kitu, abiria wa hapa nani anamlipia? Si mfuko wake, wengi wanalipiwa na migodi na watu wa kandarasi za migodi. Angalia tarehe: mwezi wa tisa 2015 Glencore, kompanyi kubwa ya migodi, inatangaza inasimamisha mgodi wake wa KCC kule Kolwezi kwa miezi 18 ju bei ya shaba imeanguka, na Korongo inafunga mwezi ule ule. Sisemi moja ndiyo imeua ingine, lakini kompanyi yenye inategemea mteja moja anaitwa shaba, siku shaba inakohoa yeye anashikwa na homa. Kitu cha pili ni Ulaya. Tangu 2006 makompanyi ya ndege ya Kongo iko kwenye ile orodha nyeusi ya wenye wamekatazwa kuruka Ulaya, na leo ni yote, hata ungekuwa na mzazi Brussels. Watu wanazania maana yake ni paka kukosa kwenda Paris. Hapana. Maana yake migodi mikubwa na mashirika wana sheria ya usalama, mfanyakazi wao asipande ndege ya orodha ile, sasa wale wenye wangelipa bei nzuri bila kuuliza wanapanda Ethiopian ama Kenya Airways ama wanakodi ndege yao, na weye unabakia na mama wa uyoga (bila kumkosea heshima).

MamaKasumba
Mi sijasoma management lakini niko nafanya biashara ya nguo miaka mingi, niwaambie vile tunafanyaka. Kwenda inje siku hizi sipiti Luano kila mara. Natoka asubuhi na mapema, Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, mchana niko Ndola, kule walifungua uwanja mupya 2021, ule wa Simon Mwansa Kapwepwe, napanda Ethiopian ile ile yenye ningepanda hapa. Mara ya mwisho hata na taksi na kilo za ziada nilibakisha franga ya kulipa masomo ya mutoto moja. Siyo kila siku bei inakuwa hivyo, kuna siku nimepata hasara na foleni ya malori pale mupakani, lakini mutu anapiga hesabu. Kwa hiyo ule kijana asiandike ati wateja wamefungwa. Wa Kin ndiyo wamefungwa. Wa Dubai na Guangzhou tuko na miguu.

Jirani_wa_Nyiragongo
Salamu kutoka Goma. Mama Kasumba ametoa somo kuliko maprofesa, mteja wa uwanja ni mtu yeyote anayeweza kuufikia kwa gari, mpaka wa nchi haumzuii. Mimi nataka muangalie kiwanja chenyewe maana mkakati wote unaishia kwenye lami. Huku tarehe 17 januari 2002 lava ilishuka ikafunika upande wa kaskazini wa pisti, ya mita 3,000 ikabaki kama 2,000. Jiwe, mita nzima nzima za jiwe jeusi, na kuliondoa kulichukua miaka na miaka. Goma iko juu, zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, injini inavuta kidogo, kwa hiyo ndege inataka pisti ndefu kuliko ikiwa baharini, na sisi tulikuwa na fupi. Rubani afanye nini? Anapunguza mizigo ama mafuta. Unaruka na viti vitupu wakati watu wako nje na biye mkononi. 2008 ndege ya DC-9 ilipita mwisho wa pisti ikaingia mtaa wa Birere, sitaki kuandika zaidi hapo. Dogo, Luano nayo iko mita 1,300 juu na mchana wa mwezi wa kumi mnajua wenyewe joto yake.

MutotoWaKatuba
Aksanti sana mama, aksanti ba yaya wote, nimeandika kurasa mbili tayari. Lakini basi Air Congo? Imeanza mwezi wa 12 2024, Leta (serikali) iko na hisa asilimia 51, Ethiopian 49, na yenyewe ilianza na ndege mbili tu za Boeing 737. Kwa hesabu ya Fundi ingekuwa imekufa kesho yake.

BeiYaShaba
Ile mbili si mbili. Nyuma yake kuna Addis, makao ya Ethiopian, yenye mafundi, vipande na ndege ya kuazima kama moja imelala. Na Ethiopian haifanyi zawadi, wamefanya vile Lomé na kompanyi ya ndege ya ASKY, wamefanya Malawi, Zambia walirudisha Zambia Airways 2021 wakiwa na hisa asilimia 45. Wanatafuta mito midogo ya kujaza mto mkubwa. Abiria wa Mbuji-Mayi akifika Kin ama hapa, safari yake ya Guangzhou inapita Addis. Hata kama safari ya ndani inaleta faida ya mafuta ya taa tu, wao wanapata mbele.

Fundi_wa_Pisti
Hapo njo sikubaliani yote. Addis inakupa vipande, sawa. Lakini mafuta ya ndege yenyewe inakuja na lori kutoka baharini, viwanja mingi ya mikoa haina taa ya pisti, saa kumi na mbili imefunga, na ukitoka Kin saa kumi na moja ya mangaribi unafika huku saa mbili ya usiku ju saa yetu iko mbele, ndege inalala. Addis haiwezi kukuletea jua. Mudogo, fanya hivi: enda Luano siku saba, kaa pale na kitabu, andika kila ndege imetua saa ngapi imetoka saa ngapi. Usiulize mutu, ukiuliza bataomba karatasi. Ukirudi leta hapa tupige hesabu ya masaa pamoja.

MutotoWaKatuba
Nitaanza kazi tatu (Jumatano).

MamaKasumba
Fundi, na ule uyoga?

Fundi_wa_Pisti
Mama, harusi iliisha mbele tutoke. Biye tulimurudishia. Uyoga hakuna mwenye alilipa.