MREJESHO: R6 ya saketi, 10W-40 au 10W-50?

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kama pikipiki yangu Yamaha R6 ya saketi (uwanja wa mbio) inataka oili ya 10W-50 badala ya 10W-40 (namba ya mwisho ni uzito wa oili ikiwa moto), maana gia zilianza kukwama injini ikichemka. Waliosema shida si namba bali oili kuchakaa walikuwa sahihi kabisa.

Oili ya zamani, hata ilipopoa, ilichuruzika vidoleni kama maji. Meno ya gia hukatakata polima zinazoipa uzito, na pikipiki hii injini, gia na klachi vinatumia oili moja. Daraja la 40 linatakiwa kuwa na cSt (kipimo cha uzito wa oili) 12.5 hadi chini ya 16.3 kwenye nyuzi joto 100. Polima zikikatika, unabaki na uzito wa daraja la 30. Ukipanda 50, oili nzito inakula nguvu ya injini.

Nimebaki na 10W-40 sintetiki, JASO MA2 (kiwango cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inalowa oili), ila nabadilisha mapema zaidi. Lita 2.6 pamoja na filta, washa (ringi) mpya ya boliti ya kumwagia oili, na boliti yenyewe inakazwa Nm 43 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Usizidishe oili: kranki (shafti kuu ya injini) ikiipiga inatoa povu, na presha inashuka. Oili za magari zenye vipunguza msuguano ziacheni, klachi itateleza.

Gia sasa zinaingia laini hadi mzunguko wa mwisho wa saketi. Asanteni sana.