LATRA na bei za teksi za mtandao: waingilie au wakae pembeni?

Mkolani Kwetu: Wakuu, swali. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, waliziambia teksi za mtandao zisikate zaidi ya asilimia 10 kwa dereva, Uber wakafunga virago. Je, serikali iingie kwenye bei za programu, au iwaache wamalizane wenyewe? Mimi nasema iwaache. Programu inakuonyesha bei kabla hujapanda. Bodaboda wa kijiweni hapa Mwanza anakuangalia viatu kwanza ndipo ataje bei.

Boda wa Igoma: Viatu? Nimesoma mpaka hapo nikaacha. Jioni bosi anasubiri hesabu yake, kaka, haniulizi nimebeba viatu gani. Siku ya mvua, tope la kufa mtu, programu yako ilikuwa wapi?

Mama Nyegezi: Mie hawakuangalia viatu, waliangalia begi. Nimeshuka basi la Dar alfajiri, kijana ananitajia elfu tano. Nikamjibu kwa Kisukuma, ikashuka mpaka elfu mbili hapo hapo 😂

Boda wa Igoma: Umeona? Kumbe nauli inapangwa na Kisukuma. LATRA waajiri bibi zetu.

Mzee wa Kirumba: Vijana, mwenye mada kakosea na hakuna aliyestuka. Haikuwa 10, ilikuwa 15. Kabla ya hapo kampuni zilikuwa zinakata 25, hata 33. Uber wakasimamisha huduma Aprili 2022, LATRA wakalegeza mpaka 25 na ada ya kuitisha safari asilimia 3.5 juu yake, Januari 2023 Uber wakarudi. Sasa niambieni nani alimtii mwenzake.

Mkolani Kwetu: Asante mzee, umenipigia goli. Serikali yenyewe ilikubali imekosea.

Suka wa Buzuruga: Ilikubali mgongoni kwa nani? Safari ya elfu kumi, wakikata 15 nabaki na 8,500. Wakikata 25 nabaki na 7,500, na hapo mafuta yangu, gari la watu. Tangu asubuhi mnaongelea abiria na viatu vyake, dereva hakuna aliyemuuliza.

Kamanga Feri: Na michomoko je, yale magari madogo ya watu binafsi yanayobeba abiria? Haina programu, wengine hata leseni ya abiria hawana, na inajaza kila siku. Sheria inambana anayeonekana kwenye simu tu.

Mzee wa Kirumba: Michomoko fungua uzi wake, usituharibie.

Mama Nyegezi: Suka pole mwanangu. Ila na nyie mkiona bei ndogo mnakataa safari, mtu anabaki kasimama Makoroboi kama mnara.

Suka wa Buzuruga: Mama, kwa 7,500 hata wewe ungeikataa.

Boda wa Igoma: Mkolani hujanijibu. Siku uliyoangaliwa viatu ulivaa nini?

Mkolani Kwetu: Kandambili.

Boda wa Igoma: Ukatajiwa ngapi?

Mkolani Kwetu: Buku.

Boda wa Igoma: Mkolani kwa buku! Ulihurumiwa, halafu unatusema.