Shilingi 1,000 kwa sarafu: mimi nimepata njia 48, mtoto 48,007. Nani kakosea?

MamaChenji (Arua)
Habari za jioni ndugu zangu. Nina duka njia ya Vurra, na wateja wengine hutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, kwa hiyo chenji ndiyo vita yangu ya kila siku. Juzi mvua ilinifungia ndani, nikamwaga mkebe wa sarafu mezani, nikajiuliza: elfu moja naifikisha kwa njia ngapi nikitumia 50, 100, 200 na 500? Ile sarafu ya elfu yenyewe niliiweka pembeni, haina fumbo. Nikaandika nyuma ya daftari la madeni mpaka umeme ukakatika. Nimepata 48. Kijana wangu wa S.5 (kidato cha tano) akaandika programu kwenye simu, ikampa 48,007. Anacheka, eti nimesahau tarakimu tatu za mwisho. Nisaidieni, nyumba haina amani.

MwalimuChaki (Gulu)
Pole na kazi, mama. Mmekosea wote wawili, ila wewe umekosea kidogo sana.

Gawa kila kitu kwa 50. Swali linakuwa a + 2b + 4c + 10d = 20, ambapo a ni idadi ya sarafu za 50, b za 100, c za 200 na d za 500; herufi zote namba kamili, sifuri ruksa, hasi hapana. Kijana amehesabu na mpangilio: kwake 500 kisha 200 ni tofauti na 200 kisha 500. Kiganjani mwa mteja ni chenji ile ile. Mwambie programu imalize sarafu ya aina moja kwa viasi vyote ndipo ihamie aina nyingine. Itatoa 49.

Huku kusikojali mpangilio ndiko kunaitwa migawanyo ya namba. Mwanahisabati Leonhard Euler aliieleza katika kitabu chake cha 1748: kila sarafu ina mabano yake. Ya 50 ni (1 + x + x² + x³ ...), ya 100 (1 + x² + x⁴ ...), ya 200 (1 + x⁴ + x⁸ ...), ya 500 (1 + x¹⁰ + x²⁰ ...). Zidisha yote, soma namba iliyokaa mbele ya x²⁰. Kwenye kila mabano unachota kipande kimoja, na vipeo vinajijumlisha vyenyewe.

MamaChenji
Mwalimu, hizo x zimeniacha njiani. Mimi nina mkebe, sina mabano. Hiyo moja iliyonitoroka ni ipi?

MwalimuChaki
Haya, tuziache x. Kwa 50 na 100 tu, 1,000 ina njia 11: sarafu za 100 ziwe 0 hadi 10, hamsini zijaze pengo. Vivyo hivyo 800 ina 9, 600 ina 7, 400 ina 5, 200 ina 3, na sifuri ina 1, yaani hutoi kitu. Sasa leta 200. Ukitumia moja imebaki 800 ya kujaza, mbili 600, hivyo hivyo hadi tano. Jumla 11 + 9 + 7 + 5 + 3 + 1 = 36. Ni 6 mara 6! Namba witiri ukizijumlisha kuanzia 1 hutoa mraba kila mara. Hapo mimi huwa nasimamisha darasa walitazame ubao. Ukitumia 500 moja, imebaki 500: 6 + 4 + 2 = 12. Ukitumia mbili, njia 1. 36 + 12 + 1 = 49. Panga daftari lako kwa mafungu hayo uone lipi limepungua.

BodaKoboko
Nyie mna bahati. Mimi nikidai chenji njia ni moja tu: peremende.

MamaChenji
Boda, peremende zangu ni tamu, usilalamike.

Mwalimu, nimeipata! Fungu lisilo na 500 lilikuwa na 35. Niliyoiacha ni hamsini ishirini tupu. Nadhani mkono ulikataa wenyewe, maana mtu akiniletea hamsini ishirini za sukari namwambia akahesabie nje. Kijana naye kageuza programu, 49, kanyamaza. Sasa nimejaribu 2,000: 121 + 72 + 36 + 12 + 1 = 242. Ni sawa?

MwalimuChaki
Sawa kabisa. 121 ni 11 mara 11, na 72 ni 8 mara 9. Hiyo ya pili muulize kijana imetoka wapi, bila simu.