Dira ya 172 imekataa kunyooka

Rubani_Langata: Wadau, tuna ndege ndogo ya Cessna 172 hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, dira inakosea kama digrii 20 tukielekea mashariki, nimezungusha skrubu za kurekebisha mpaka zikaisha na bado. Shida ni nini jameni?

Fundi_Bati: Pole kaka. Mara nyingi si dira, ni chuma karibu nayo kimeshika usumaku. Chukua dira ndogo ya mkononi uipitishe polepole kwa fremu ya kioo na skrubu zote, pale sindano inaruka ndio hapo. Skrubu za chuma badilisha uweke za shaba.

Rubani_Langata: Imeruka kwa bomba la fremu, na hilo halitoki!

Fundi_Bati: Basi tafuta koili ya AC (waya uliozungushwa, unatumia umeme wa kubadilika kufuta usumaku), lakini toa dira kwanza usije ukaiharibu, washa, pitisha juu ya bomba lote halafu rudi nyuma pole pole kama mita moja hivi ndio uzime, ukizima ukiwa karibu usumaku unabaki palepale.

Dada_Hanga: Ukimaliza rudisha dira, zungusha ndege na kuisoma dira kila digrii 30, injini na redio zikiwa on, mbali na mabati ya hanga, na fundi mwenye leseni aandike kadi mpya ya makosa ya dira. Hedifoni pia weka mbali na dashibodi, zina sumaku ndani.